Mwalimu wa Pugu na Kazi ya Kusahihisha: Shaka ya Mwandishi katika Tafsiri za J. K. Nyerere

Mwandishi ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza hukabiliwa na swali zito: je, ana haki ya kuandika kabla hajaimudu lugha barabara? Swali hilo lilipata sura ya kitaasisi baada ya mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa na kuanza kupima miswada kwa kigezo cha Kiswahili sanifu.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akakulia katika Kizanaki. Kiswahili kilimjia shuleni. Baada ya masomo ya Makerere na Edinburgh, alianza kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje kidogo ya mji wa Dar es Salaam, mwaka 1953. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu ili ashike siasa. Jina la Mwalimu halikumwacha.

Mwaka 1963, akiwa tayari Rais wa Tanganyika, alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 tafsiri hiyo ilitoka tena ikiwa imepitiwa upya, safari hii kwa jina la Juliasi Kaizari. Tofauti ya majina hayo mawili si jambo dogo. Jina la kwanza lingali limesimama nusu ugenini; la pili limekubali silabi wazi na irabu ya mwisho, yaani limepokea sheria za lugha mwenyeji. Mwaka huohuo ilitoka Mabepari wa Venisi, ambamo mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare amekuwa mabepari wengi. Hapo mfasiri hatafuti tena neno la kulinganisha tu. Anatoa fasili yake ya mchezo mzima.

Yaweza kupingwa kwamba rais hakosi mchapishaji, na kwamba mfano wake haumfai mwandishi wa kawaida. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini cheo kilekile kingeweza kulikinga toleo la kwanza lisiguswe kamwe. Kulirudia mbele ya wasomaji walewale ni kukiri hadharani kwamba kazi iliyochapishwa bado ni kazi inayoendelea.

Utaratibu wenyewe ulikuwa na busara. Tafsiri humpunguzia mwandishi mzigo wa kubuni kisa, nguvu zote zikaelekezwa kwenye lugha. Shairi lisilo na vina lilimwachia nafasi ya kupima mishororo bila kubanwa na urari wa vina. Hatimaye, mwaka 1996, alichapisha Injili nne na Matendo ya Mitume kwa mtindo wa utenzi, bahari yenye masharti ya mizani nane na vina. Toka tafsiri ya kwanza hadi hapo imepita miaka 33.

Kwa hiyo, historia hii haionyeshi kwamba shaka huondoka kwanza, ndipo uandishi uanze. Inaonyesha kwamba umahiri ulijengwa ndani ya kuandika na kusahihisha. Mwanafunzi anayeuficha mswada wake hadi lugha yake ikamilike anaahirisha kazi ambayo ndiyo ingeikamilisha.