Upinde Kwanza

Ndugu msikilizaji, juma lililopita alinijia rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Iramba kama mimi, ila sasa ni mtu wa Dar es Salaam. Mwanawe ametimiza miaka sita, naye anataka kumnunulia bunduki ndogo ya upepo. Achague ipi? Sikumjibu papo hapo. Nililikumbuka gobore la babu, lililoning'inia ukutani juu ya kitanda chake. Sisi wajukuu ruhusa yetu ilikuwa kulitazama, basi.

Bunduki kwetu Singida ni mgeni wa juzi. Ilisambaa bara kwa misafara ya karne ya 19. Jirani zetu wa Unyamwezi walikuwa na Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, ambaye rugaruga wake walikuwa vijana wenye bunduki. Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya walitia saini mkataba huko Brussels wa kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Mwafrika akaachiwa gumegume. Wajerumani wao walikuja na za kisasa, na Wanyaturu hadi leo wanamsimulia Liti, mwanamke aliyewakabili kwa nyuki.

Lakini silaha ya kwanza ya mtoto ilikuwa nini? Upinde. Na wa kuulizwa ni Wahadzabe, wanaoishi pembezoni mwa Ziwa Eyasi, wengine wakiwa Munguli, katika wilaya yetu ya Mkalama.

Kwao mtoto wa kiume hupata upinde wake akiwa na umri wa kama miaka mitatu. Hauchaguliwi kwa uzuri; unapimwa kwa mkono wa mtoto. Upinde wa mtu mzima ni mgumu, wewe na mimi tungeuvuta tukatoka jasho. Basi wa mtoto hukatwa mfupi na mwembamba, na kadiri anavyokua hupata mwingine mkubwa zaidi. Mishale yake ni ya mti mtupu uliochongwa ncha. Hakuna chuma. Chuma ni cha wakubwa, ambao hufua misumari kwa kuigonga mpaka iwe ncha. Na sumu, inayopikwa kwa utomvu wa mdagu au kwa mbegu za mmea mwingine, mtoto haisogelei.

Kisha anaachwa. Analenga shina, kibuyu, panya, ndege, saa nyingi kila siku, pamoja na wenzake. Hakuna mwalimu anayemfokea. Miaka kumi na zaidi itapita kabla ya kumfuata nyati.

Hilo linahitaji pori, ndugu msikilizaji, na hapo ndipo ninaposikitika. Wahadzabe wote ni kama elfu moja na kitu. Mashamba na mifugo ya jirani zao, yaani sisi, vimemega sehemu kubwa ya ardhi yao. Mtoto wa Munguli anaweza kupewa upinde uliopimwa vizuri kabisa, akakosa cha kulenga.

Rafiki yangu nilimweleza yote hayo, nikamkumbusha pia kwamba silaha nchini ina sheria yake, ya mwaka 2015, wala mtoto hapewi leseni. Akacheka. Tumekubaliana nimchongee kijana upinde, mishale isiwe na ncha kali. Mama wa mtoto ameshauliza ni nani atakayelipia vioo vya madirisha.