Tela la Dago, Wala Si Msafara

Limeanza kujipenyeza katika maandishi jina "msafara wa kambi", likikusudiwa lile gari dogo lisilo na injini, lenye kitanda na paa, linalofungwa nyuma ya gari jingine na kuvutwa hadi porini. Aliyelibuni alifungua kamusi, akakuta karavani ni msafara, akafunga kamusi. Angesoma mistari miwili zaidi angejua kwamba karavani lilitoka Uajemi likiwa na maana ya kundi la wasafiri, na kwamba ni Waingereza waliolihamisha kutoka kwa watu likaenda kwenye gari. Uhamisho huo ulifanyika kwao. Sisi tulilichukua neno letu katika mzizi wa Kiarabu uliotupa pia safari na msafiri, na halijawahi kubanduka kwenye miguu ya watu.

Kosa hili linaudhi zaidi likitendwa Kitale au Bungoma, maana huko magharibi mwa Kenya msafara una kumbukumbu. Mpelelezi Joseph Thomson alipofika Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, mwaka 1883, kisha akaenda kuyaona mapango ya Mlima Elgon, alikuwa na msafara hasa: wapagazi wa Pwani, kirangozi akiongoza mbele, mizigo ya shanga, nguo na waya vichwani. Kitale penyewe husimuliwa kwamba palikuwa kituo cha misafara ya watumwa, na wenyeji huonyesha mviringo wa mawe ulioko Kitale Club kama mahali walipofungiwa mateka. Makaburu nao walipopanda uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 walilala ndani ya magari yao ya ng'ombe, lakini msafara ulikuwa ile safu nzima, wala si gari moja. Neno lililobeba watu wengi hivyo, wengine wakiwa na minyororo shingoni, halifai kutundikwa kwenye boksi la bati lenye magurudumu mawili.

Wapinzani wa msafara nao hawakutusaidia. Wako waliokutana, bila shaka penye chai na vitafunio, wakatoka na "nyumba tembezi". Neno ni tamu, na utamu huo ndio hatari yake kwa mtu mwenye fedha haba. Ukishaambiwa unanunua nyumba, utauliza habari za nyumba: ina sinki? ina kabati? friji inaingia wapi? Kila jibu ni shilingi elfu kadhaa na kilo kadhaa, na kilo hizo zitavutwa na gari lilelile dogo ulilo nalo, kwenye matope ya Endebess mwezi wa nne. Jina la kitu humwongoza mnunuzi macho yaangalie wapi, na nyumba humwongoza kuangalia ndani, ilhali lenye kuharibika liko chini.

Ndiyo maana napendekeza tela la dago. Nianze na tela. Watasema ni Kiingereza. Ndiyo, kama gari lilivyo la Kihindi na meza ya Kireno, na hakuna anayekula sakafuni kwa sababu hiyo. Tela limekwisha kupata wingi wake, matela, na kwa mkulima wa Trans Nzoia au Bungoma halihitaji maelezo. Ni hilo linalovutwa na trekta likiwa na magunia ya mahindi hadi kwenye ghala za Bodi ya Nafaka, au limejaa miwa ya Nzoia, mabua yakining'inia pembeni na watoto wakilikimbilia. (Wengi huko husema trela. Sigombani nao, ila kamusi zetu zimeandika tela na ulimi wa Kibantu unalipenda zaidi.) Mtu anayelijua tela kwa njia hiyo hahitaji kufundishwa kwamba kwanza huinama akatazama ekseli, springi na shingo la kuvutia, ndipo akaulizia rangi.

Dago ndilo lililonigombanisha na watu. Ni kambi ya muda ya wavuvi, na lina ndugu yake ago. Wakojani wa Pemba wanajulikana kwa kwenda dago: huondoka kwao na mchele, chumvi, sufuria na maji, wakatua ufukwe usio wao, tanga likawa paa, wakakaa mpaka upepo au samaki wabadilike. Humo mna kila kitu ambacho wenzetu wanajaribu kukisema kwa "kambi ya nje ya gridi", maneno ambayo fundi wa Bungoma akiyasikia atadhani umemletea hesabu. Kwenda dago ni kwenda mahali ambapo hukukuta huduma, ukiwa umebeba utakachotumia. Anayetaka kutaja umeme na aseme tu hakuna stima, kila mtu ataelewa.

Nimeulizwa kwa nini kambi lisitoshe. Kambi limechoka. Ni la jeshi, la vyama vya siasa vinavyogombana, na kwa Wamijikenda ni baraza la wazee. Huko Kitale neno hilo lina uchungu wa ziada: mwaka 2008 Uwanja wa Maonyesho ulikuwa kambi ya waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi. Kulitumia neno hilo kuuzia starehe ya wikendi si dhambi, lakini si ustadi pia. Hoja nyingine, kwamba dago ni la pwani na Mbukusu wa Bungoma halijui, ina uzito kidogo tu. Mbukusu hakuzaliwa akijua ikulu, neno lililopanda kutoka Unyamwezini na Usukumani, na leo hakuna mtoto wa shule anayelishangaa. Bara iliikopesha Pwani, Pwani nayo na iikopeshe bara. Zaidi ya hayo, neno geni lenye maana moja hufundishika haraka kuliko neno la zamani lenye maana sita.

Kuhusu matumizi, maneno machache yatatosha. Tela la dago la bei nafuu huchomelewa na fundi wa jua kali, na mambo ya kumkazania ni haya: magurudumu yalingane na ya gari ili spea moja itoshe yote, mzigo ukae juu ya ekseli na kuelemea mbele kidogo, kwani ukizidi nyuma tela litayumba, na tangi la maji lisiwe kubwa kwa fahari, maana lita 100 ni kilo 100. Paneli ya jua ipate mwanga wa asubuhi, kwa sababu alasiri za masika Elgon hufunikwa na mawingu. Anayekwenda hifadhi ya kinamasi cha Saiwa ajue kwamba hutembelewa kwa miguu, kwa hiyo hana haja ya tela la kupita kila mahali.

Wanaoshikilia nyumba tembezi wana ushahidi mmoja ambao hawajauangalia, nao uko barabarani. Kenya husajili chombo hiki peke yake, mbali na gari linalokivuta, na kukipa nambari inayoanza na herufi Z, sawasawa na tela la miwa. Sheria imekwisha kuamua kwamba ni tela. Kilichobaki ni kuandika dago kwenye risiti.