Owino Uhuru baada ya moshi

Watu wa Pwani risasi tumeijua tangu zamani. Wavuvi huiyeyusha kwenye kikopo wakaimimina kutengeneza chubwi za mishipi. Lakini hawakupata kuivuta puani usiku na mchana, kama walivyoivuta watu wa Owino Uhuru.

Mtaa huu wa Mikindani, Mombasa, una wakazi wapatao 3,000. Mwaka 2007, ubavuni mwa nyumba zao, kikafunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari. Betri ilipasuliwa, asidi ikamwagwa, mabamba ya ndani yakatiwa tanurini, risasi ikapelekwa kuuzwa. Moshi na maji machafu viliachiwa mtaa. Moshi ulitua juu ya mabati, na mvua ikinyesha, uchafu huo ulishuka na maji hadi kwenye ndoo. Mama akifagia ua asubuhi, vumbi lilipanda, na mtoto anayetambaa alitia vidole kinywani.

Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani hapo 2009. Mwanawe mchanga akaugua homa isiyosikia dawa, hadi vipimo vikaonyesha kuwa ni risasi, aliyoinyonya katika maziwa ya mamake. Omido aliacha kazi, akaandamana na majirani, akakamatwa, asirudi nyuma. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Masimulizi mengi huishia kwenye tuzo hiyo. Risasi haikuishia hapo. Haiozi wala haiyeyuki na mvua. Hukaa udongoni karibu na uso wa ardhi, pale pale nyayo zinapokanyaga. Kuiondoa ni kuchimba udongo wa juu na kuupeleka kwenye shimo lililojengewa, au kuufunika kwa udongo safi au saruji. Kisha mtu arudi kupima mwaka baada ya mwaka, maana jembe moja la kuchimbia msingi wa choo laweza kuifukua upya.

Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta watoto wa Owino Uhuru wana risasi damuni takriban maradufu ya wenzao wa mtaa jirani wa Bangladesh. Tanuri lilikuwa limekwisha kuzimwa.

Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Iliamuru pia udongo usafishwe katika miezi minne, la sivyo zilipwe milioni 700 za kazi hiyo. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Yaani miaka kumi ilipita tangu kiwanda kufungwa, na watoto wakikua juu ya udongo ule ule. Hilo linaniuma kuliko mengine yote ya kisa hiki.

Na hata udongo ukisafishwa, risasi iliyokwisha kuingia mwilini hubaki. Damu huipunguza kwa wiki na miezi. Mifupa huishikilia kwa miongo, ikiificha mahali pa chokaa. Msichana aliyekuwa na miaka mitano moshi ulipoanza sasa amefika umri wa kuzaa. Akishika mimba, mwili utachota chokaa mifupani ili kumjenga mtoto, na risasi itatoka pamoja nayo. Kliniki atakayohudhuria, hata akiwa amehamia Nairobi au Kisumu, inapaswa kumuuliza alilelewa wapi, na kumpima damu.