Tuseme Kiswahili: Ilhamu si wahyi

Juzi sokoni Asumbi nilisoma tangazo la tamasha lililomsifu jathum, yaani mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kwamba nyimbo zake "ni wahyi". Liliniuma. Wahyi ni ufunuo wa Mungu kwa mitume. Muislamu akilisikia neno hilo hawazii jambo jingine. Kinachomjia mtunzi ni ilhamu. Maneno yote mawili yametoka Kiarabu, ila uzito wake haulingani. Sema "nimepata ilhamu", na ukitunga kwa sababu ya mtu au mahali fulani, sema umepata ilhamu kwake. Kipaji ni kingine kabisa: hicho unazaliwa nacho, hata siku ambazo wimbo haukujii.

Vijana husema mzuka umewapanda. Wengi hulikataa neno hili, mimi nalipenda. Mzuka ni pepo anayetokea ghafla, kutoka kitenzi kuzuka, na kupanda ndicho afanyacho pepo. Waluo nao wana juogi, roho zinazompanda mtu. Hata Wagiriki wa kale waliamini kuwa utunzi huletwa na nguvu za nje: walikuwa na miungu wa kike tisa wa sanaa, mabinti wa Zeu na Mnemosine, ambaye jina lake maana yake ni kumbukumbu. Waliitwa Musai, na jina lao ndilo asili ya mbali ya neno letu muziki. Kwa hiyo tangazo lingesomeka vizuri hivi: jathum huyu ana ilhamu, na akishika nyuzi zake nane, mzuka humpanda.