Watengenezaji wa Pikipiki Zetu

Sokoni Bunia twanunua sufuria, taa na pikipiki zilizotoka China. Je, wenye kuzitengeneza huishije?

Zamani Wachina wengi sana walikuwa wakulima. Mwaka 1958 serikali iliwaandikisha watu kila mmoja mahali pake, wasihame bila ruhusa. Baada ya mwaka 1978 viwanda vikaenea pwani, hasa jimboni Guangdong, na vijana wakamiminika huko. Kufika mwaka 2011 watu wa mijini walikwisha kuwazidi wa vijijini. Umaskini ukapungua mno.

Lakini mtoto aliyeandikishwa kijijini hakupokelewa kwa urahisi katika shule za mjini. Basi wazazi wengi waliwaachia babu na bibi watoto wao, wakawaona labda mara moja kwa mwaka, kwenye sikukuu ya mwaka mpya wao.

Jambo hili si geni kwetu. Baba wangapi wamekwenda kuchimba dhahabu Mongbwalu, na watoto wamebaki na bibi? Fedha hufika nyumbani kabla ya baba, lakini fedha haimwulizi mtoto habari za shule. Tusiwacheke Wachina, wala tusiwaonee wivu; tutazame kwanza nani anakaa na watoto wetu jioni.