Profesa wa Arua na Gari la Makerere

Dereva yeyote wa jeshi au polisi ajua kwamba injini nzima na breki nzima, zisipopatana, si gari bado. Elimu ya kupatanisha sehemu ziwe mfumo mmoja ndiyo aliyoishughulikia Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa, mwana wa Arua, mhandisi wa umeme wa Chuo Kikuu cha Makerere. Mwezi Novemba 2011 wanafunzi na walimu aliowaongoza waliendesha Kiira EV, gari la umeme la viti viwili. Si kila kipande kilitengenezwa Uganda. Lakini kuitiisha betri na mota zifanye kazi pamoja ilikuwa jasho la vijana wetu wenyewe. Mwaka 2015 aliteuliwa Waziri wa Nchi. Mwaka 2016 likafuata Kayoola, basi la abiria 35, lenye mitambo ya nishati ya jua paani.