Jicho, Nguruwe na Mpaka: Historia ya Uchunguzi wa Vifuko vya Tegu kwa Ultrasaundi na Nafasi ya Busia na Tororo

Historia ya tegu wa nguruwe katika mpaka wa Kenya na Uganda imeandikwa zaidi kwa kukagua ulimi wa nguruwe na kinyesi cha binadamu. Makala hii inadai kwamba jicho nalo ni hifadhi ya kumbukumbu, na kwamba limewekwa kando mno.

Alaye nyama yenye vifuko isiyoiva vizuri hupata tegu tumboni. Amezaye mayai yatokayo katika kinyesi cha mwenye tegu, hata kama hajaonja nguruwe maishani, hupata vifuko mwilini: katika ubongo, ambako huleta kifafa, na mara chache zaidi ndani ya jicho. Tofauti hii husahaulika mara nyingi katika mijadala ya sera.

Helmholtz alibuni kioo cha kutazamia ndani ya jicho mwaka 1851. Muda mfupi baadaye, mjini Berlin, Albrecht von Graefe alianza kuviona vifuko vikiwa hai katika macho ya wagonjwa; kati ya wagonjwa wapatao 80,000 alihesabu takriban 90. Ukaguzi wa nyama ulipoimarishwa, Hirschberg, tabibu wa macho wa mji uo huo, alishuhudia visa hivyo vikiadimika kabla ya karne kwisha. Kliniki ya macho, bila kukusudia, ilikuwa ikipima kazi ya machinjio.

Kioo kilikuwa na ukomo wake: mtoto wa jicho au damu ikiziba njia ya nuru, tabibu haoni kitu. Mwaka 1956 Mundt na Hughes walipima jicho kwa mwangwi wa ultrasaundi, na mwaka 1958 Baum na Greenwood wakapata picha yake. Katika picha hiyo kifuko ni duara jeusi lenye nukta ing'aayo, ambayo ni kichwa cha mnyoo; akiwa hai, pengine huonekana akijongea.

Kwa nini Busia? Mwaka 1998 ulianza huko, upande wa Kenya, mradi wa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi, ambao matokeo yake Miguel na Kremer waliyachapisha mwaka 2004. Wanafunzi walipewa albendazoli na, penye kichocho kingi, prazikwanteli. Uganda ilizindua mpango wake wa kichocho mwaka 2003. Hakuna sababu ya kuzikatiza kampeni hizo. Faida yake ni kubwa. Hata hivyo, prazikwanteli haipaswi kupewa mwenye kifuko jichoni, kwa kuwa mnyoo anayekufa humo huamsha uvimbe unaoweza kuliangamiza jicho. Na eneo hili ndilo lenye nguruwe wanaozurura huru kati ya nyumba na vyoo.

Kikwazo si mashine. Zahanati yenye ultrasaundi ya wajawazito kwa kawaida hutumia kichunguzi cha takriban megahezi 3.5, ilhali jicho huhitaji kama 10. Kinachotakiwa ni kichunguzi cha pili, mafunzo ya kukiweka juu ya kope iliyofumbwa, na safu moja ya vifuko katika daftari la macho, ijazwe kwa namna ileile Tororo na Busia zote mbili, kwa sababu mgonjwa huvuka mpaka kufuata tiba iliyo karibu.